Oddny wa Juu na Barua ya Wajina

Pale Indrevik, kijiji cha nchi ya baridi ya kaskazini, walikuwapo wanawake wawili walioitwa Oddny Tveit, na wote wawili waliolewa na mwanamume mmoja, ila si kwa wakati mmoja. Oddny wa kwanza alikaa na Torleiv Tveit miaka kumi na tisa, wakaachana bila kurushiana sahani. Miaka mitatu baadaye Torleiv akaoa Oddny wa pili. Mtu angetazamia mtalaka afunge mizigo aende zake, lakini huyu wa kwanza ndiye aliyemwuguza mama yake Torleiv mpaka bibi yule akafumba macho, na bibi akamwachia nyumba ndogo ya chini karibu na maji, ile ya wazee waliokwisha kuwapisha vijana shambani. Basi hakwenda popote, na jina la shamba, Tveit, hakulivua. Watu wa kijiji wakachoka kueleza, wakafupisha: Oddny wa Juu na Oddny wa Chini.

Mwenye donge moyoni alikuwa huyu wa Juu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mikono yake mizuri ya kazi, kondoo wake wanene, na mume asiyelewa. Lakini hata jina hakuwa nalo peke yake. Mumewe akimwita asubuhi, "Oddny," yeye alijiuliza kwanza ni yupi anayeitwa. Mbaya zaidi, mwenzake wa Chini alikuwa amezoea kumwita wajina. "Wajina, kahawa iko tayari, pita." Kila akilisikia neno lile alihisi kama aliyevaa kiatu kilichoingiwa na kokoto.

Tena yule wa Chini alikuwa mtu wa vitendawili. Alivitega dukani, alivitega kanisani baada ya ibada, na watu wakamzunguka wakicheka. Siku moja ya Mei Torleiv alikuwa mezani, viazi viko mdomoni, akasema:

"Kitendawili."

"Tega," akasema mkewe, bila hamu.

"Nyumba yangu ina magurudumu, mwanamume haingii, na mwanamke akiingia blauzi hubaki mlangoni."

Oddny wa Juu alilijua jibu. Lori la hospitali la kupiga picha za matiti, kutafuta saratani, lilikuwa limesimama uani pa duka tangu Jumatatu, jeupe, refu, na ngazi yake ya chuma.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kipi?"

"Hicho kitendawili."

Torleiv akatafuna polepole. "Chini. Nilipita kumtazamia bomba la maji."

"Bomba lile lina ugonjwa gani usiopona? Mwaka wa pili huu unalitazama."

"Limezeeka tu."

"Wenye kuzeeka ni wengi hapa," akasema, akaondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Kule kila mwanamke wa kati ya miaka hamsini na sitini na tisa huletewa barua kila baada ya miaka miwili, ikimtajia siku na saa ya kwenda kupigwa picha. Barua za wote wawili zilitaja Jumatano ileile, mmoja saa nne na dakika kumi, mwingine saa nne na dakika ishirini. Basi wakakutana kwenye benchi fupi ndani ya lori, magoti yakikaribia kugusana. Mpiga picha, mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mvulana, jina lake Bodil, akafungua pazia.

"Oddny Tveit."

Wakasimama wote wawili.

Bodil akatazama karatasi yake. "Mzaliwa wa mwaka hamsini na tano."

"Huyo ni mimi," akasema wa Chini. "Mimi huwa wa kwanza kwa kila kitu."

Wanawake wawili waliokuwa wakifunga vifungo vyao wakacheka mpaka wakashika ukuta. Oddny wa Juu akaketi, akausoma ukuta ule usioandikwa kitu.

Zamu yake ilipofika, Bodil alimtazama kwapani akampa kitambaa chenye maji. "Futa dawa ya kwapa, mama. Chembe zake huonekana kwenye picha kama nukta nyeupe, na nukta nyeupe ndizo tunazozitafuta. Utatutia wasiwasi bure."

Akafuta. "Huyo aliyetoka umempiga picha ngapi?"

"Nne, kama utakazopigwa wewe. Kila titi mara mbili, kutoka juu na kutoka ubavuni."

"Mbona alikaa sana?"

"Alikuwa ananitegea vitendawili."

Oddny wa Juu akavuta pumzi. Bodil akalilaza titi lake juu ya kibao baridi, kibao kingine cha plastiki kikashuka kikalibana mpaka likatandazika kama unga wa mkate. Iliuma, ikaisha kabla hajaguna.

"Lazima kubana hivyo?"

"Likikusanyika, kitu hujificha nyuma ya kingine. Likitandazwa, tunaona."

"Mimi hujipapasa bafuni. Sina kitu."

"Vidole hugusa kilichokwisha kukua. Picha huweza kukiona kikiwa punje, miaka hata miwili kabla ya kidole. Lakini haioni vyote, kwa hiyo siku ukigusa kitu kigeni usiningojee mimi na lori langu, nenda kwa daktari siku hiyohiyo." Alikuwa akimgeuza mabega huku anasema, kama mtu anayepanga gunia. "Picha hizi zitasomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, kisha wazilinganishe na za miaka iliyopita."

"Na wakiniita tena?"

"Usianze kuchagua jeneza. Katika wanawake mia, kama watatu huitwa. Wengi wa hao hupigwa picha nyingine wakarudi kwao kula. Ila yule ambaye si wa kurudi, huyo kumchelewesha si vizuri."

Oddny wa Juu akavaa blauzi yake. Alipotoka akamkuta wajina yuko chini ya ngazi anamngoja kwa ajili ya kahawa. Akasema ana haraka, kondoo wanamngoja.

Wiki mbili zikapita. Visanduku vya barua vya Indrevik vimepangwa kwenye ubao mmoja kando ya barabara kuu, saba kwa mstari, na viwili vya shamba la Tveit vimegusana. Mwenye kuleta barua siku zote alikuwa likizoni, na aliyeshika nafasi yake hakujua wa juu wala wa chini. Ijumaa ile Oddny wa Juu alifungua sanduku lake akakuta bahasha ya hospitali imeandikwa Oddny Tveit. Akaichana palepale, amesimama barabarani. Walimtaka afike hospitali ya mjini Alhamisi tarehe tisa, saa nne na nusu asubuhi, kwa picha zaidi za titi la kushoto.

Akashika ubao wa visanduku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika titi lake kupitia koti, la kushoto. Akilini akamwona Torleiv amevaa suti nyeusi. Halafu, na hili ndilo lililomfanya ajionee haya baadaye, akamwona Torleiv huyohuyo, siku tatu baada ya mazishi, anashuka mteremko kwenda nyumba ya chini na mswaki wake mfukoni.

Akaisoma barua tena, kutafuta kama wamekosea. Hapo ndipo alipouona mwaka wa kuzaliwa. Hamsini na tano.

Haikuwa yake. Akacheka peke yake kama mtu aliyekoswa na gari, machozi yanamtoka, na kicheko kikakatika. Ilikuwa ya wajina.

Nyumba ya chini ilikuwa pale, hatua mia mbili, moshi wa bomba la jiko unapanda. Angeweza kushuka. Alianza hata kushuka. Lakini akapiga mahesabu ya barua ile kama anavyoyajua mwanamke mwenye donge. Mjini ni safari ya saa mbili, mahandaki mawili chini ya mlima na pantoni moja. Wajina hakuweza kuendesha gari ndani ya handaki, hofu ilimzidi, kila mtu alilijua hilo. Angemwomba nani? Angemwomba Torleiv. Na Torleiv angekubali kabla hajamaliza kuombwa. Wangekaa pamoja ndani ya gari saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mmoja analia, mwingine anabembeleza.

Akageuka akapanda kwake. Barua akaitia katika kopo la mikate mikavu, chini kabisa, akafunika.

"Kesho nitampelekea," akajiambia. Kesho yake hakupeleka. Jumapili Torleiv akachukua ngazi akasema anakwenda chini kufunga mfereji wa paa uliolegea. Alikaa saa mbili kwa skrubu nne. Aliporudi ananukia mdalasini.

"Umekula andazi."

"Moja."

"Ndevu zako zina sukari ya maandazi matatu."

Torleiv akajifuta, akatabasamu kama mtoto aliyekamatwa, naye mkewe akalitazama kopo la mikate juu ya rafu akaona heri alivyofanya.

Jumatatu ikaja barua yake mwenyewe, safari hii kweli yake: picha zimesomwa, hakuna kilichoonekana, tutakuita tena baada ya miaka miwili. Alikuwa bado ameishika wajina alipofika kwenye visanduku, amevaa viatu vya mpira, akachungulia cha kwake. Kitupu.

"Wajina, yako hiyo ya lori?"

"Ndiyo. Safi."

"Mungu ashukuriwe." Akasema hivyo kwa moyo, akampiga piga begani. "Yangu haijaja. Sijui wameipoteza. Basi, kama wangekuwa na neno wangesema, siyo? Wakinyamaza ni kheri."

Oddny wa Juu akaikunja barua yake akaitia mfukoni.

"Maana Jumatano mimi napanda mlimani, kwenye kibanda changu cha kupumzikia," akaendelea wa Chini. "Wiki tatu. Simu haishiki kule, unajua. Nimechoka na paa, nimechoka na bomba, na nimechoka na mtu anayekuja kulitazama bomba." Akamkonyeza.

"Umechoka naye?"

"Mwanamume anapiga misumari kama anabisha hodi. Mimi nampa andazi ili aache."

Usiku ule Oddny wa Juu hakupata usingizi, na Jumanne hakufanya kazi yoyote ikakamilika. Alijisemea kwamba wengi hurudi nyumbani kula. Kisha maneno ya Bodil yaliyofuata yakaja yenyewe, yale ya kumchelewesha mtu. Alilifungua kopo mara tatu, akalifunga mara tatu. Wiki tatu mlimani, halafu barua nyingine, halafu siku nyingine ya kungoja. Na kwa nini? Kwa ajili ya kiti cha mbele cha gari.

Jumatano asubuhi, akiwa anamwaga maji ya viazi, aliona kupitia dirishani mlango wa nyumba ya chini unafungwa kwa ufunguo. Wajina alikuwa amevaa mkoba wa mgongoni, fimbo mkononi. Oddny wa Juu akaacha sufuria kwenye sinki, akaitoa barua koponi, akashuka mteremko mbio, na mwanamke wa miaka hamsini na minane akishuka mteremko ule mbio, kondoo husimama kutazama.

"Ilikuja kwangu," akasema, anahema. "Kwa makosa. Niliifungua, nikidhani ni yangu."

Wa Chini akaisoma amesimama, mkoba mgongoni. Akaisoma mpaka mwisho, akaketi juu ya kizingiti na mkoba wake, akaonekana mdogo ghafla.

"Ni kesho," akasema.

"Ni kesho."

"La kushoto." Akakunja barua mara nne. "Wajina, mimi handaki siliwezi. Itabidi nimwombe Torleiv..."

"Nitakupeleka mimi."

"Wewe una kondoo."

"Torleiv ana mikono. Nitakupeleka mimi, nimesema."

Wajina akamtazama, jicho moja limekaza kidogo, akaelewa alichoelewa. "Haya," akasema.

Alhamisi wakaondoka saa mbili kasoro robo. Ndani ya handaki la kwanza wa Chini alifumba macho akashika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Kwenye pantoni walinunua chapati nene za pantoni zenye siagi na jibini ya kahawia, maana mtu wa kule hawezi kuvuka maji bila kuzila, hata akiwa anakwenda kuhukumiwa. Hakuna aliyemaliza yake.

Hospitalini nesi kijana aliwapa fomu. Wa Chini akaijaza, nesi akaipokea akaisoma, akairudisha kwa upole.

"Mama, hapa tunataka jina la ndugu wa karibu. Umeandika jina lako."

"Sijaandika langu. Nimeandika la huyu."

"Huyu naye ni Oddny Tveit?"

"Naam."

"Ni dada yako?"

Wanawake wawili wakatazamana. "Ni hadithi ndefu, mwanangu," akasema wa Juu. "Sisi ni ubao mmoja wa visanduku."

Picha mpya zikapigwa, za karibu zaidi, kibao kidogo kikibana mahali pamoja tu. Kisha wakamlaza, wakampaka mafuta baridi, wakapitisha mashine nyingine juu ya titi. Daktari akawaonyesha kiooni: doa jeupe lenye miguumiguu, dogo kuliko punje ya shayiri, na pale kwenye picha za miaka miwili nyuma palikuwa patupu, hapana kitu.

"Siwezi kukuambia ni nini kwa macho," akasema daktari. "Nitachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, tutajua baada ya wiki."

Wa Chini akaweka kidole pale. "Sikisikii."

"Hutakisikia. Hata mimi sikisikii."

Sindano ile ilikuwa na mlio kama wa mashine ya kubana karatasi. Kabla haijalia, wa Chini alinyoosha mkono wake bila kuangalia, na wa Juu akaushika. Ulikuwa na jasho. Aliushika mpaka vidole vikafa ganzi.

Wakati wa kurudi, pantoni ilipokuwa katikati ya maji, Oddny wa Juu alisema huku akitazama mbele: "Barua ile ilikuja Ijumaa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Muhuri wa posta ni wa Jumatano ya wiki ile. Tena barua inanukia mikate mikavu." Wa Chini alikuwa anatafuna kipande cha chapati ya asubuhi. "Siku tano. Ulitaka nife?"

"Hapana." Akafikiri, kwa sababu alitaka kusema kweli. "Nilitaka usipande gari na Torleiv."

Wa Chini akameza kipande chake, akatazama nje. Shakwe walikuwa wanapiga kelele nyuma ya pantoni.

"Unaikumbuka keki niliyowaletea siku ya harusi yenu?"

"Ile yenye chumvi? Ulikosea, tukakuonea huruma."

"Sikukosea. Nilipima. Vijiko saba."

Oddny wa Juu akageuka akamwangalia. "Torleiv alikula vipande viwili, akasema ni tamu."

"Ndipo nilipojua simtaki tena," akasema wa Chini, na wakacheka, wakacheka vibaya, mpaka mwanamume wa gari la jirani akapandisha kioo chake.

Lakini walipokwisha kucheka wa Chini akamshika mkono. "Usirudie, wajina. Siku tano ni zangu." Wa Juu aliona heri angetukanwa.

Jibu lilitarajiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwa simu. Oddny wa Juu alikanda unga tangu asubuhi ili mikono isikae bure. Alikuwa amemwambia wajina wazi: ukipigiwa, nipigie, nitashuka. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Saa saba Torleiv akaingia kutoka chini na ngazi begani, akaisimamisha ukutani taratibu mno, akavua kofia.

"Ni saratani," akasema. "Lakini ndogo. Milimita saba, na hawadhani imefika kwapani. Watakata kipande, si titi lote, kisha mionzi. Daktari amesema ingekaa mpaka aiguse kwa kidole, habari ingekuwa nyingine."

Oddny wa Juu alihisi vitu viwili kwa mpigo mmoja. Kimoja kilikuwa nafuu, kubwa, ya kumkalisha kitini. Kingine alikijua tangu zamani, kile kikokoto cha kiatuni, ila safari hii kimekaa upande mwingine wa unyayo.

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Nilikuwa juu ya paa simu ilipolia."

"Kakwambia wewe kwanza?"

"Oddny, nilikuwa pale juu. Alitoka nje analia, nikashuka."

"Ukambembeleza?"

"Nilimpa leso."

Akafungua aproni, akaitupa juu ya unga, akashuka mteremko. Wajina alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, leso ya Torleiv mkononi, pua nyekundu.

"Mimi ndiye niliyepita mahandaki manne," akasema Oddny wa Juu, kabla ya salamu. "Mimi ndiye niliyeshika mkono siku ya sindano, mpaka leo kidole hiki hakikunjiki vizuri. Na wewe unamwambia yeye kwanza. Fundi wa paa."

"Alikuwa karibu, wajina."

"Na simu yangu iko mbali?"

Wa Chini alimtazama kutoka chini, machozi bado hayajakauka, na mdomo wake ukaanza kutetemeka kwa kicheko. "Umenionea wivu miaka kumi na moja kwa ajili yake. Sasa unamwonea yeye kwa ajili yangu?"

Oddny wa Juu akaketi kwenye kizingiti, akamsukuma kwa nyonga apate nafasi, akaichukua ile leso ya Torleiv akaiweka mbali, akampa ya kwake. Akamwacha alie. Alilia kwa muda mrefu, na safari hii hakutega kitendawili chochote.

Baadaye wa Chini akapenga kamasi. "Upasuaji ni tarehe tano Julai. Torleiv amesema atanipeleka, wewe utakuwa kwenye kukata na kuanika majani ya kondoo."

"Torleiv abaki na majani yake," akasema Oddny wa Juu. "Hajui hata wodi iko upande gani. Saa ngapi wanakutaka?"